Kuikamata radiali kwa GPS ya ndege: mifano ya anga la Arusha na Moshi

GPS ya ndege imezoea kujibu swali moja: nifikeje pale? Unabonyeza kitufe cha D chenye mshale, unaandika jina la kituo, nayo inakuchorea mstari kutoka ulipo hadi huko. Radiali ni swali la aina nyingine. Mstari upo tayari, umefungwa kwenye kituo cha VOR (redio ya ardhini inayoipa ndege mwelekeo), na kazi yako ni kuusogelea kwa pembe, kugeuka kwa wakati, kisha kukaa juu yake. Ukibonyeza D na kwenda tu, uwanja wa Kilimanjaro (KIA) utafika, ila kwa mstari wako mwenyewe, wala si ule ambao mwongozaji wa ndege ameutumia kukutenganisha na wenzako.

Maelezo haya yanafuata vifaa vinavyoonekana sana kwenye ndege ndogo: Garmin GNS 430 na 530, pamoja na GTN 650 na 750. Maili zote ni za baharini, kasi ni kwa noti. Nambari za mifano zimekokotolewa kutoka uwanja wa KIA ili kuonyesha hesabu. Za kurukia zichukue kwenye chati na AIP (kitabu rasmi cha taarifa za anga) ya Tanzania iliyo hai.

Radiali hutoka, kozi huingia

Radiali huhesabiwa kutoka kituoni kwenda nje, hata kama wewe unaingia. Ukiambiwa uingie kwa radiali 260 ya Kilimanjaro, uko magharibi ya kituo na pua ya ndege itaelekea mashariki, kozi 080. Kwa kichwa: toa 200, ongeza 20. Ikiwa nambari ni ndogo kuliko 180, ongeza 200, toa 20.

Kosa la kwanza na la kawaida kuliko yote ni kuweka 260 kwenye kishikizo cha kozi wakati unaingia. Mstari kwenye ramani utakuwa uleule, na hapo ndipo mtego ulipo, maana kila kitu kitaonekana sawa. Lakini kiashirio kitaonyesha FROM (kutoka kituoni) badala ya TO (kwenda kituoni), na kwenye kisomeo cha kawaida sindano itakuvuta upande usio sahihi. Kila ukimaliza kuweka kozi, tazama neno hilo dogo kabla ya kutazama sindano.

Huku kwetu kaskazini tofauti ya dira ya sumaku na kaskazini halisi ni ndogo, chini ya nyuzi 2, kwa hiyo kozi ya GPS na radiali ya VOR hazitofautiani sana kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kituo cha VOR hupangwa kwa sumaku ya siku kilipopangwa, nayo GPS hutumia hesabu ya sasa. Zikipishana kwa uzi mmoja au mbili usishangae. Zikizidi 4, kuna kitu umekosea au kuna chombo kibovu. Litafute kosa kabla hujaamua yupi wa kumwamini.

Kuandaa kifaa

Fanya haya ungali na nafasi, si wakati mwongozaji amekwisha kukupa agizo:

1. Hakiki tarehe ya kanzidata ukurasa wa mwanzo unapowaka. Mzunguko wake ni siku 28.
2. Tafuta VOR ya Kilimanjaro, siyo uwanja wa KIA. Ni alama mbili tofauti, na radiali imefungwa kwenye VOR. Vituo vingi duniani vina herufi zinazofanana, kwa hiyo orodha ikitokea, soma nchi kabla ya kubonyeza ENT.
3. Bonyeza D, kisha ENT mara mbili. Sasa kituo ndicho kinacholengwa.
4. Bonyeza OBS, kitufe cha kuchagua kozi mwenyewe. Kifaa kinaacha kujipangia kituo kinachofuata na kinakusubiri umpe kozi.
5. Zungusha kishikizo cha kozi hadi 080. Soma nambari kwenye skrini ya GPS, usisome kwenye duara la kisomeo, kwani duara la zamani huweza kupotoka uzi mmoja au mbili. Kama kishikizo hakijaunganishwa na GPS, nambari huandikwa kwenye kifaa chenyewe.
6. Tazama maandishi ya CDI (sindano inayoonyesha uko upande gani wa mstari) chini ya skrini: yasomeke GPS, siyo VLOC, yaani sindano isifuate redio ya VOR.
7. Fungua ramani, uone mstari umepita pale ulipotarajia.

Hatua ya 7 ndiyo inayookoa watu. Kabla ya kuutazama mstari, jiambie mwenyewe uko upande gani wake: "Niko kusini, mstari uwe kushoto kwangu." Ukiuona kulia, simama hapo, usiendelee.

Kwenye ukurasa wa kusomea weka BRG (kituo kiko nyuzi ngapi kutoka ulipo), DTK (kozi inayotakiwa), TRK (njia yako halisi juu ya ardhi), XTK, DIS (umbali hadi kituo) na GS (kasi juu ya ardhi). Vifaa vingi havitoki kiwandani na XTK mahali pa wazi. Ingia kwenye menyu ubadilishe. XTK ni umbali wako kutoka mstari, na bila hiyo unakamata kwa kukisia. Wakati huohuo VOR yenyewe iwe imewekwa kwenye redio, na mlio wake wa Morse umesikika na kutambuliwa. Hiyo ndiyo akiba yako.

Mfano: kutoka Tarangire kwenda KIA

Unatoka Tarangire, uko kusini-magharibi mwa KIA kwa futi 9,500. GPS inasoma DIS 40 na BRG 065, yaani kituo kiko nyuzi 065 kutoka ulipo. Umepewa radiali 260 kuingia, kozi 080.

Kwanza upande. BRG ni ndogo kuliko kozi, kwa hiyo mstari uko kushoto kwako. Ingekuwa kubwa, mstari ungekuwa kulia. Kanuni hii haishindwi mradi unaingia kituoni, kituo kiko mbele yako, na 360 haiko kati ya nambari hizo mbili.

Pili umbali. Tofauti ya 080 na 065 ni nyuzi 15. Zidisha na DIS, gawanya kwa 60: 15 mara 40 ni 600, gawanya kwa 60 ni maili 10. XTK ya GPS itasoma 10 na kidogo. Kama hesabu yako inasema 10 na kifaa kinasema 3, kozi iliyowekwa siyo uliyopewa.

Tatu pembe. Anza na kozi, pita BRG, endelea kwa kiasi kilekile: 080, 065, 050. Hiyo ni pembe ya nyuzi 30, na utaukuta mstari ukiwa maili kama 21 kutoka kituoni. Ukitaka kuuwahi, tumia nyuzi 45, yaani 035, na utaingia ukiwa maili kama 28.

Kwa hesabu tupu 45 inavutia, na ndiyo wengi hufundishwa kuizoea. Lakini chora mstari wa 035 kutoka hapo ulipo na uuendeleze. Unakwenda karibu moja kwa moja hadi kilele cha Mlima Meru, mita 4,562, karibu futi 15,000, nawe uko 9,500. Kutoka kwenye radiali hadi kilele ni maili kama 18, ambazo kwa kasi ya noti 107 ni dakika 10, na miteremko inaanza mapema zaidi. Rubani aliyeweka VLOC kwa bahati mbaya, au anayengoja sindano ambayo haitasogea, anapita mstari bila kujua na kuendelea kuelekea mlima ulio ndani ya mawingu. Kwa 050, ukishindwa kuukamata mstari, kilele kinabaki kushoto kwako kwa zaidi ya maili 10. Kwa eneo hili, nyuzi 30 ni chaguo bora, hata kama utaingia kwa kuchelewa. Kila unapochagua pembe jiulize: nikikosa, pua inaelekea wapi? Upande wa Moshi swali hilo linahusu Kibo, mita 5,895, maili kama 27 kaskazini-mashariki mwa KIA.

Pembe ni ya TRK, si ya dira

Uzuri wa GPS juu ya VOR tupu ni kwamba inakuonyesha njia yako halisi juu ya ardhi. Itumie. Tuseme kasi yako hewani ni noti 120 na upepo unatoka 090 kwa noti 20. Ukielekeza pua 035 na kuridhika, TRK itasoma kama 026, na pembe yako imekwisha kuwa 54 badala ya 45. Ili TRK iwe 035, pua inabidi iwe kama 043. Hakuna haja ya kukokotoa angani: geuza hadi TRK isome unachotaka, ngoja sekunde 15 itulie, rekebisha.

Sindano mbili, lugha mbili

Hapa ndipo waliozoea VOR hushangazwa. Sindano ya VOR hupima nyuzi: mwisho wa kipimo ni nyuzi 10 kila upande. Ya GPS hupima maili: safarini ni maili 5 kwa vifaa vya kizazi cha kwanza, maili 2 kwa vile vyenye uwezo wa WAAS (masahihisho ya GPS kwa satelaiti), ukiwa ndani ya maili 30 za uwanja unaokwenda ni maili 1, na kwenye hatua ya kutua ni 0.3.

Kwa mfano wetu wa 035, sindano ya VOR inaamka ukiwa bado maili 6 kutoka mstari, una karibu dakika 5 za kujiandaa. Ya GPS yenye kipimo cha maili 2 inaamka ukiwa na dakika moja na nusu tu. Na kuna kituko kingine cha eneo hilihili: unavuka maili 30 za KIA ukiwa karibu maili moja na nusu kutoka mstari. Sindano ilikuwa imeanza kurudi katikati, kisha kipimo kinapungua kutoka 2 kwenda 1, nayo inarudi ukingoni kana kwamba upepo umekupeperusha. Wengine huongeza pembe kwa hofu, kisha wanauvuka mstari kwa kasi. Usisome sindano peke yake. Soma XTK: kama inapungua, unausogelea mstari.

Kugeuka kwa wakati

Mgeuko wa kawaida ni nyuzi 3 kwa sekunde, na kwa noti 120 unahitaji kulaza ndege nyuzi kama 18. Duara lake lina nusu kipenyo cha maili 0.64. Kutokana na hilo, anza kugeuka XTK ikisoma hivi: pembe ya 30, maili 0.1, ya 45, maili 0.2, ya 60, 0.3, ya 90, 0.6. Ongeza 0.1 kwa kila moja kwa ajili ya muda wa kuilaza ndege na wa wewe kuamua. Ndege yenye noti 180 huhitaji mara moja na nusu ya hizo.

Ukiwa kwenye mstari, linganisha TRK na DTK. Zikiwa sawa na XTK haibadiliki, umetulia. XTK ikiwa 0.2 na haipungui, badili TRK kwa nyuzi 5, ngoja, kisha rudi. Kukimbizana na sindano kwa nyuzi 20 ndiko kunakomfanya abiria ashike kiti.

Kuingia njia ya anga kutoka Moshi

Njia ya anga ni mlolongo wa miguu kati ya nukta na nukta. Jina lake linakupa fununu: zinazoanza na A, B, G au R ni za mtandao wa kikanda zisizohitaji vifaa vya RNAV (vya kuruka bila kufuata redio za ardhini); za L, M, N na P ni za RNAV. Herufi U mbele inamaanisha anga la juu, ambako ndege ndogo haina shughuli.

GTN hukuruhusu kupakia njia nzima: unachagua nukta ya kuingilia, jina la njia, nukta ya kutokea. Vifaa ambavyo havina nafasi hiyo vinakutaka uandike nukta moja moja. Hapo usiache hata moja yenye kona, maana GPS itanyoosha mstari kutoka nukta ya kabla hadi ya baada, na utatoka nje ya njia huku sindano ikikusifu kwamba uko katikati.

Chukua ndege iliyoondoka uwanja wa Moshi, ikitaka kuingia mguu unaotoka KIA kuelekea Dar es Salaam. Kwa mstari ulionyooka, kozi ni kama 148. Mpango umeandikwa Moshi, VOR ya Kilimanjaro, Dar. Ukiruka tu, mguu ulio hai ni ule wa Moshi hadi KIA, na GPS itakurudisha magharibi maili 15 ambazo huzihitaji. Ukibonyeza D na kuchagua Dar, itachora mstari mpya kutoka Moshi, ulio nje ya njia. Unachotaka ni mguu wa pili uwe hai ukiwa bado hujafika mwanzo wake.

Kwenye GNS: fungua FPL (ukurasa wa mpango wa safari), washa kielekezi, kiweke kwenye nukta ya mwisho wa mguu, siyo ya mwanzo, kisha bonyeza D mara mbili. Dirisha litauliza kama mguu uamshwe. Soma majina yote mawili, bonyeza ENT. Kwenye GTN gusa nukta ya mwisho na uchague kuamsha mguu. Mstari wa rangi ya zambarau utahama na DTK isome kama 148.

Sasa hesabu. Moshi iko maili kama 15 kushoto kwa mguu huo, kwa hiyo mstari uko kulia. TRK 193 inakupa pembe ya 45: unapita juu ya mashamba ya miwa ya TPC, bwawa la Nyumba ya Mungu likiwa mbali kushoto, na unaingia mguu baada ya maili 21, ambazo kwa noti 120 ni dakika 10 na nusu. Ukitumia 178, pembe ya 30, utasafiri maili 30 kabla ya kuingia. Hapa milima iko nyuma yako, na 45 haina ubaya.

Ukiwa kwenye mguu, OBS iwe imezimwa, ili kifaa kijiendeleze chenyewe hadi nukta inayofuata. OBS iliyosahaulika hukuongoza kwa uaminifu hadi juu ya nukta, kisha inaendelea na kozi ileile upande wa pili huku njia imekata kona. Tena kwenye kona GPS hukwambia ugeuke kabla ya kufika nukta, sekunde kama 10 mapema, ili upinde wako uguse mguu mpya. Geuka inapokwambia. Usingoje kupita juu yake kama ulivyozoea kwenye VOR.

Yanayoharibika mara nyingi

Otopailoti. Ruka kwa HDG (kufuata dira) hadi pembe iwe sahihi, kisha weka NAV (kufuata mstari) isubiri. Ukibonyeza NAV sindano ikiwa ukingoni, otopailoti nyingi hukata mstari kwa 45 zilizopangwa kiwandani, hata kama wewe umechagua 30 kwa sababu ya Meru. Baadhi husoma kozi kutoka kwenye mshale wa kisomeo, siyo kutoka GPS. Kwa hiyo hata pale GPS haihitaji uweke kozi, zungusha mshale ufanane na DTK, la sivyo ndege itaukamata mstari kisha iutoroke.

Umbali. DME, redio ya kupima umbali, hupima mshazari kutoka kwako hadi chini, GPS hupima bapa. Ukipita juu ya kituo cha Kilimanjaro kwa futi 9,500 kutoka usawa wa bahari, DME itasoma kama maili 1, GPS ikisoma sifuri. Kwa maili 20 tofauti haionekani. Ukitoa taarifa kwa mwongozaji, sema ni umbali wa nini.

CDI kwenye VLOC. Umetoka kuhakiki VOR, ukasahau kurudisha. Sindano itasogea vizuri tu, lakini kwa kipimo cha nyuzi. Na kama redio ina kituo kingine, inakupeleka kwingine. Kila unapogusa kitufe hicho, taja kwa sauti kinachosomeka.

Satelaiti. Masahihisho ya WAAS ya Marekani na EGNOS ya Ulaya hayafiki anga letu, kwa hiyo kifaa hujikagua chenyewe kwa kulinganisha satelaiti kinazoziona. Kwenye GNS neno INTEG likitokea pembeni ya skrini, ujue ukaguzi huo umeshindikana, hata kama ramani bado inachora ndege yako vizuri. Bonyeza CDI uende VLOC, hakikisha mshale uko kwenye kozi ileile, na endelea na radiali kwa VOR ambayo tayari umeiweka na kuisikia. Kisha mjulishe mwongozaji.